Akiba ya Sandukuni: Safari ya Wasia wa Mwana Kupona

Kuna swali ambalo sisi wapenzi wa ushairi huulizwa mara kwa mara na watu wenye shughuli zao, tena watu wema wasio na ubishi: mashairi yanafaa nini? Mwenye kuuliza huwa ametoka kazini, ana ada za watoto za kulipa na mgonjwa wa kumtazama, na akiona mwenzake amejiinamia juu ya diwani huona kama kwamba huyo amepata wasaa ambao yeye hajajaliwa. Kusoma fasihi kwake ni anasa, kama kukaa barazani na kahawa hali mvua yaja na paa linavuja.

Napenda kulijibu swali hilo kwa historia. Katika historia yetu sisi Waswahili lisingaliulizwa hivyo, kwani shairi lilikuwa miongoni mwa vyombo vya nyumba. Liliandikwa nyumbani, likatiwa sandukuni pamoja na nguo za thamani na hati za mashamba, likatolewa siku ya haja. Nitafuata safari ya utendi mmoja, kutoka chumba cha mgonjwa katika kisiwa cha Pate hadi mikononi mwetu, na njiani nitaonyesha waliojibu mwito wake. Ninalotaka kulisema ni hili tu: fasihi humfaa mtu katika maisha ya kila siku kwa sababu huwekwa kabla ya haja. Wahenga walisema akiba haiozi, nami naona usemi huo unahusu maneno kama unavyohusu nafaka.

Chumba cha mgonjwa, 1858

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mtu wa Pate, na mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu katika kisiwa hicho hicho. Siyu haukuwa mji wa kupuuzwa. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid Said, Sultani wa Unguja, yalijaribu kuutia mkononi yakashindwa, na Bwana Mataka ndiye aliyesimama mbele ya upinzani huo. Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki, na mwaka huo huo Seyyid Said naye akafariki. Vita havikwisha kwa vifo vyao. Mnamo 1863, katika enzi ya Sultani Majid, ngome ya Siyu ilianguka.

Kati ya msiba ule wa 1856 na maanguko yale ya 1863, mnamo 1858, yaani mwaka 1275 wa Hijria, mjane huyu alitunga wasia kwa binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, mwenyewe asema katika utendi kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Amwita binti ajongee, achukue wino na karatasi, kwani yamo moyoni mambo ambayo ataka kumhadithia. Hapo ndipo utendi unapoanza.

Ningependa msomaji atue kidogo hapa, azingatie kile ambacho hakimo. Mama huyu ameona mji wake ukishambuliwa kwa bahari na kwa nchi kavu. Ameona mumewe akipambana na dola lililokuwa na nguvu kuliko yote katika pwani yetu. Angetaka, angetunga utendi wa vita, na fani hiyo alikuwa nayo mbele yake, kwa maana tendi za vita zilikuwa zimekwisha kuota mizizi katika visiwa vile. Badala yake ameandika habari za nyumba. Amwambia binti yake kwanza ashike dini, kisha awe na adabu ya ulimi, kisha awe mkweli. Amweleza jinsi ya kukaa na watu kwa ucheshi, kwa maneno yasiyo na hadaa. Amfundisha kumtunza mume: kumpepea alalapo, kumfukizia manukato, kutomwamsha kwa makelele, kuomba idhini yake kabla ya kutoka. Amweleza kwamba yeye na Bwana Mataka waliishi bila ugomvi hadi siku ile ya mwisho, na kwamba mumewe alikufa akiwa radhi naye. Kisha ainua mikono na kuwaombea watoto wake na jamaa zake, na mwisho awaalika wanawake wote wausome utendi wake na kuyafahamu maana yake.

Sioni kwamba kuandika hivi kulikuwa ni kukimbia vita. Mtu aliyezungukwa na maanguko hutafuta kitu ambacho kitadumu, na mama huyu aliona kwamba mji waweza kuanguka lakini jinsi ya kuamkiana, jinsi ya kumkalia mgonjwa, na jinsi ya kuomba dua vyaweza kubebwa kifuani na binti mmoja akenda navyo popote atakapotupwa na wakati. Ndiyo maana katika utendi wenyewe amwambia binti auchukue wasia huu kama hirizi. Hirizi haitiwi rafuni. Huvaliwa, hulala na mtu, huoga naye, huzeeka naye.

Zingatia pia fani aliyoichagua. Utendi, au utenzi kama wasemavyo watu wa kusini, una mizani minane katika kila kipande; vipande vitatu vya mwanzo hukubaliana kina, na cha nne hushika kina kimoja tangu ubeti wa awali hadi tamati. Beti zake ni 100 na ushei, na binti aliyezisikia mara kadhaa angezihifadhi bila ya taabu, kwani kina humvuta mwenziwe kama ushanga katika uzi mmoja. Elimu ya kutunga na haja ya nyumbani hapa ni kitu kimoja. Mama alitumia vina ili akiba isiharibike.

Kusoma si kukubali kila neno

Najua ya kuwa katika wasomaji wangu wapo wasioupenda utendi huu, na sababu zao si haba. Umekuwa ukitajwa kuwa ni mafunzo ya kumdhalilisha mwanamke. Tena umo ndani yake ukali wa wakati wake: mama huyu amwonya binti asichanganyike na watumwa ila kwa kazi. Nyumba iliyoandikiwa utendi huu ilikuwa nyumba ya waungwana, na uungwana huo ulisimama juu ya migongo ya watu waliomilikiwa. Msomaji mwaminifu halifuniki neno hilo. Utumwa ulikuwamo katika nyumba tulizotoka, na shairi limetuwekea ushahidi ambao tungependa kuusahau.

Kwa upande wa pili, wapo wataalamu walioona kwamba mambo hayaishii hapo. Ann Biersteker, katika makala aliyoyachapisha 1991, aliyasoma upya maneno ya Mwana Kupona na kuonyesha jinsi lugha ya unyenyekevu inavyoweza kubeba nguvu nyingine chini kwa chini. Mke anayeagizwa kumpepea mume, kumnyoa na kumtengeneza kama mtoto asiyejua kusema, je, ni yeye aliye chini au ni huyo bwana?

Niliwahi kuusoma utendi huu na mabinti wa ukoo wetu, jioni moja, baada ya kazi za nyumba. Walipofika penye kupepea walicheka sana. Mmoja alisema kwamba siku hizi feni imekwisha kumponya mwanamke na kazi hiyo. Lakini mdogo wao hakucheka, aliniuliza, “Shangazi, naye alipougua mwaka mzima, nani alimpepea?” Hatukuwa na jibu la mara moja. Tukarudi katika beti za mwanzo, tukamwona binti akiitwa ajongee. Mume alikuwa amekwisha kufa. Aliyekuwapo kando ya kitanda ni Mwana Hashima, mwenye wino na karatasi. Basi wakaanza kuusoma tena tangu mwanzo, safari hii si kama orodha ya amri za mke kwa mume, bali kama mazungumzo ya mama anayekufa na mtoto anayemuuguza. Ukawa utendi mwingine kabisa. Walibishana nao katika mengi, na haki yao kubishana; lakini nyumbani kwetu, tangu siku ile, mtu akiugua husikia wakiulizana nani atakwenda kupepea.

Hiyo ndiyo faida ninayoitaja. Swali la mtoto yule halikutoka katika kitabu cha mitihani. Lilitoka kwa kuwa maneno ya mama wa Pate yalikutana na maisha anayoyajua, ya kuuguza na kuuguzwa, na yakampa jina la jambo ambalo alikuwa analiona kila siku asiwe na neno la kuliita.

Kutoka sandukuni hadi chapani

Kwa miaka mingi utendi huu uliishi katika hati za Kiarabu, ukinakiliwa kwa mkono na kupokewa kwa sikio. Kunakili ni namna ya kusoma ambayo sisi tumeisahau: mwenye kunakili hawezi kuruka ubeti asioupenda. Miongoni mwa waliozihifadhi tendi za pwani ya kaskazini kwa kalamu yuko Muhamadi Kijuma wa Lamu, mtu wa fani nyingi, mchonga milango, mwanamuziki, mshairi na mwandishi mwenye hati nzuri ajabu. Yeye aliwanakilia wataalamu wa Ulaya miswada mingi, wakiwamo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Werner aliuchapisha utendi wa Mwana Kupona mwaka 1917, na mwaka 1934 yeye na Hichens wakautoa tena kuwa kitabu. Leo mtu atakaye kuitazama miswada ya tendi zetu hulazimika kuulizia London na Hamburg.

Jambo hili lina pande mbili, nami sipendi kuliona kwa jicho moja. Bila ya wakusanyaji na bila ya kalamu ya Kijuma, mengi yangeliwa na mchwa. Ndivyo yalivyokaribia kupotea mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840. Muyaka alilitoa shairi likaenda sokoni, akatunga juu ya njaa, mapenzi, deni na siasa za mji wake, na watu wakayashika vichwani kwa sababu yaliwahusu. Lakini yeye hakuacha diwani. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyeyakusanya kutoka vinywani mwa wazee, akisaidiana na William Taylor, na ikafika 1940 ndipo Hichens alipoyachapa. Miaka 100 kamili ilipita kati ya kifo cha malenga na kitabu chake, na katika muda wote huo mlinzi wa mashairi yale alikuwa ni maisha ya kila siku: mtu wa Mombasa aliyekumbuka ubeti kwa kuwa siku moja ulimfaa katika ugomvi wa mtaani.

Upande wa pili ni huu. Utendi ukishatoka sandukuni ukaingia maktabani, na kutoka maktabani ukaingia katika muhtasari wa masomo, hubadilika tabia. Mwanafunzi huulizwa dhamira, huulizwa muundo, huhesabu mizani, hufaulu, kisha huufunga. Ameujua utendi kama ajuavyo mtu ramani ya mji ambao hana haja ya kwenda. Silaumu shule, kwani mimi mwenyewe nilianzia huko. Nasema tu kwamba shule hutuonyesha sanduku, nasi ndio wa kulifungua tukifika nyumbani.

Karani wa Tanga ajibu

Ushahidi mkubwa kwamba sanduku lilifunguliwa unatoka Tanga. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Tangu 1926 hadi 1944 alifanya kazi katika idara ya forodha, kisha akahamishwa idara moja hadi nyingine. Siku zake zilikuwa siku za karani yeyote: barua, hesabu, uhamisho, mshahara usiotosha. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto wadogo. Haya yote ameyaeleza katika Maisha Yangu, kitabu kilichochapishwa 1949.

Ndani ya kitabu hicho zimo tenzi mbili za wasia kwa watoto wake, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Utenzi wa Hati huanza kwa baba kumtaka binti yake aketi kitini aandike hati ndogo ya wasia. Yeyote aliyeusoma utendi wa Mwana Kupona atatambua mara moja amesimama wapi. Miaka 90 imepita, mahali pamebadilika, hati za Kiarabu zimepisha herufi za Kirumi, na mwenye kusema sasa ni mwanamume aliyefiwa na mke badala ya mwanamke aliyefiwa na mume. Lakini mzazi amemwita binti, amemweka karibu, amemtaka ashike kalamu. Nasadiki kwamba hiyo si sadfa. Karani yule aliyekuwa na msiba na watoto wa kulea alitafuta namna ya kusema nao, akaikuta tayari. Mama wa Pate alikuwa amekwisha kumwekea.

Kwa nini hakuandika barua tu? Alikuwa mwandishi wa barua kwa kazi yake. Nadhani ni kwa sababu barua hubeba habari, na wasia hubeba mtu mzima. Baba aliyekaa peke yake usiku, akitafuta la kumwambia mtoto asiye na mama, huogopa kwamba maneno yake ya kawaida yatasahauliwa kufikia asubuhi. Utenzi ulimpa chombo ambacho kilikuwa kimejaribiwa na mwenye huzuni kama yake. Nacho kilivuka mlango wa nyumba yake: watoto wengi ambao hawakumwona kamwe Shaaban Robert wamelelewa na Adili na Hati, wakisomewa na wazazi na walimu.

Wakati huo huo ushairi ulikuwa umepata baraza jipya. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na Shaaban Robert mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotunga humo. Walimu, makarani na wakulima walisoma, wakaulizana mafumbo, wakajibizana kwa vina. Huo ndio mwendo wa asili wa fasihi yetu: asomaye hudaiwa jibu. Msomaji wa Kiswahili hakuwa mtazamaji aliyekaa nje ya uwanja.

Akiba katika chumba kisicho na kitabu

Nimalizie mifano kwa yule aliyenyang'anywa kila kitu. Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa sababu ya waraka aliouita Kenya: Twendapi? Akawekwa katika upweke. Humo gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri katika karatasi za chooni. Alipotoka 1972 alikuwa na diwani. Ikachapwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Watu husimulia habari hii kuonyesha ushujaa wake, nao ni wa kweli. Mimi huona jambo jingine pembeni ya ushujaa. Aliingia gerezani na nini? Hakuingia na rafu ya vitabu. Aliingia na mizani, vina na mafumbo aliyoyapata katika ukoo wa washairi, kwani nduguye ni Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita. Askari angeweza kumpekua mifukoni, asingeweza kumpekua vina. Fumbo la pwani lililozoea kuficha siri za mapenzi na ugomvi wa majirani lilimfaa sasa kuficha yale ambayo dola halikutaka kusikia. Kile ambacho mtu mwingine angekiita anasa ya utotoni kiligeuka kuwa kinga ya akili yake.

Basi turudi kwa ndugu yetu mwenye paa linalovuja. Simwahidi kwamba shairi litaziba paa. Namwambia kwamba zipo siku katika maisha yake ambazo fundi hatakuwa na la kufanya: siku ya kumwaga mtoto anayeolewa mbali, siku ya kuketi kando ya mgonjwa asiyepona, siku ya kuonewa na mwenye nguvu, siku ya kutafuta namna ya kuomba radhi. Siku hizo mtu hutafuta maneno, na maneno hayanunuliwi siku ile ile. Asomaye leo, nusu saa tu baada ya chakula, anajiwekea. Amsomeaye mtoto wake anaweka mara mbili.

Kwenu malenga wenzangu nina ombi moja. Tunazoea kutunga kwa ajili ya mashindano, kwa ajili ya hafla, kwa ajili ya kusifiwa na wanaojua fani. Hayo ni mema. Lakini Mwana Kupona alikuwa na msikilizaji mmoja chumbani, na Shaaban Robert alianza na mtoto wake. Kila mmoja wetu na atunge walau wasia mmoja kwa mtu mmoja wa nyumbani kwake, anayemjua kwa jina na kwa tabia, kisha amkabidhi mkononi. Kwa upande wangu, ninao ubeti wa kufungulia wa kwangu, niliowatungia mabinti wale waliobishana na utendi wa Pate:

Shairi si la rafuni,
lisomwe kwenu nyumbani,
likite ndani moyoni,
likufae penye shida.